Mazoezi nje ya msimu: Kanuni inayomlinda mwanafunzi mwanamichezo

JUA linapopunguza ukali jioni katika kata ya Didia, kando ya barabara itokayo Shinyanga mjini kwenda Tinde, vijana hutoka darasani na kuingia uwanjani. Hucheza hadi giza linapotanda, na hakuna anayehesabu saa. Mwenye kipaji hukimbia kwa sababu anapenda kukimbia, na kengele ya asubuhi ndiyo inayomkumbusha kwamba yeye kwanza ni mwanafunzi.

Kwa baadhi ya vijana wa Afrika Mashariki, kipaji cha namna hiyo kimekuwa njia ya kupata elimu ya juu ng'ambo. Kwa takriban nusu karne sasa, vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa vikiwapokea wanariadha na wachezaji wa mpira wa kikapu kutoka Tanzania na Kenya, vikiwalipia ada, malazi na chakula, nao wakivichezea. Huko kijana hukutana na jambo ambalo hakulizoea nyumbani. Saa za mazoezi zinahesabiwa, zinaandikwa na zina kikomo, tena si wakati wa mashindano tu, bali hata msimu unapokuwa umekwisha.

Kanuni za nje ya msimu ndizo zisizofahamika sana, ingawa zinagusa sehemu kubwa ya mwaka wa mwanafunzi. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili kumsomesha mwanawe anaweza kudhani kwamba mashindano yakimalizika, kijana amebaki na vitabu vyake. Kijana naye anaweza kudhani kwamba kila anachoambiwa na kocha ni amri, kwa kuwa ndiye aliyemletea ufadhili. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Kiini cha kanuni hizo ni kwamba zinaweka mpaka kwa kile ambacho kocha anaweza kukidai. Hazimzuii mwanafunzi kufanya anachotaka kwa hiari yake. Asiyeujua mpaka huo anaweza kutii amri ambazo hakuna mwenye haki ya kuzitoa.

Saa 20 na saa 8

Kanuni zinazozungumziwa hapa ni za NCAA, chama cha taifa kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani. Vyuo wanachama vimegawanywa katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza lina vyuo zaidi ya 350 na ndilo lenye ushindani mkubwa na fedha nyingi. Daraja la Pili hutoa ufadhili wa michezo, mara nyingi wa sehemu tu ya gharama. Daraja la Tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Kila daraja lina kitabu chake cha kanuni, na takwimu zinazofuata ni za Daraja la Kwanza.

Wakati wa msimu wa mashindano, mwanafunzi hawezi kulazimishwa kufanya shughuli za michezo kwa zaidi ya saa 4 kwa siku na saa 20 kwa wiki. Lazima apewe siku moja ya kupumzika katika kila wiki. Siku ya mchezo huhesabiwa kuwa saa 3, hata kama timu imekaa uwanjani muda mrefu zaidi ya huo.

Msimu ukimalizika wakati masomo yanaendelea, kikomo hushuka hadi saa 8 kwa wiki na siku za mapumziko huwa mbili. Ndani ya saa hizo 8 yanaingia mazoezi ya viungo, kunyanyua vyuma na mafunzo ya ufundi wa mchezo wenyewe. Kwa muda mrefu, mafunzo ya ufundi hayakuruhusiwa kuzidi saa 2 kwa wiki. Katika miaka ya karibuni kikomo hicho kiliongezwa hadi saa 4 kwa mpira wa kikapu, lakini jumla ya saa 8 ilibaki palepale.

Upo pia ulinzi wa wakati wa mitihani. Nje ya msimu, mazoezi ya lazima husimama wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, na hayarudi hadi mwanafunzi amalize mitihani yake. Aidha, hakuna ruhusa ya kumtoa mwanafunzi darasani ili ahudhurie mazoezi.

Mwaka 2017 Daraja la Kwanza liliongeza masharti mengine. Baada ya msimu kumalizika, mwanafunzi hupewa siku 7 za kupumzika. Katika mwaka wa masomo huongezewa siku 14 ambazo hazina shughuli za lazima. Usiku, kati ya saa 3 na saa 12 asubuhi, lazima apate saa 8 mfululizo zisizo na shughuli za timu. Siku ya safari nayo, kimsingi, haihesabiwi tena kuwa siku ya mapumziko, kama ilivyokuwa ikifanyika zamani.

Kuna mwanya mmoja ambao wageni wengi hawauelewi. Kikomo cha saa 20 hakitumiki wakati chuo kimefungwa kwa likizo rasmi ndani ya msimu, wala katika maandalizi ya kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Ndiyo maana mchezaji wa kikapu anaweza kubaki chuoni wakati wa Krismasi, wenzake wakiwa wamekwenda makwao, akafanya mazoezi mara mbili kwa siku bila kanuni kuvunjwa.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Saa 8 zinaweza kuonekana chache. Kwa sababu hiyo, mvutano mkubwa huwa juu ya kipi kihesabiwe. Kanuni inasema kwamba shughuli yoyote ya michezo inayoelekezwa au kusimamiwa na kocha, na ambayo mwanafunzi anatakiwa kuihudhuria, inahesabiwa. Mazoezi ya uwanjani yamo. Kunyanyua vyuma kwa amri ya kocha kumo. Kuketi chumbani kutazama picha za video za mchezo uliopita kumo pia, hata kama hakuna aliyetoka jasho.

Yapo mambo yasiyohesabiwa. Matibabu ya majeraha, safari ya kwenda kwenye mashindano, kuvaa vifaa na kujisomea chini ya usimamizi wa chuo vyote viko nje ya hesabu. Mwanafunzi anaweza kutumia saa 2 kwa mtaalamu wa viungo na saa 6 ndani ya basi, na kwenye kitabu zikaandikwa sifuri.

Vyuo hutakiwa kuandika saa za kila mwanafunzi kwa kila siku. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza panapotokea malalamiko. Mwanafunzi anayetia saini karatasi ya saa bila kuisoma huwa ameutia saini ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Hiari ni nini?

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Katika michezo ya vyuo, neno hilo limebeba uzito wa kisheria, kwa sababu mazoezi ya hiari hayana kikomo cha saa. Mwanafunzi anayeamka alfajiri na kukimbia peke yake kilomita 15 hajavunja kanuni yoyote. Anayekwenda ukumbi wa mazoezi usiku kwa matakwa yake naye hajavunja.

Ili mazoezi yaitwe ya hiari, masharti manne sharti yatimie yote kwa pamoja. Kwanza, mwanafunzi asitakiwe kutoa taarifa kwa kocha kuhusu alichofanya, na yeyote aliyemwona asipeleke taarifa hizo. Pili, wazo la kufanya mazoezi litoke kwa mwanafunzi mwenyewe. Tatu, mahudhurio yasiandikwe kwa ajili ya kupelekwa kwa kocha. Nne, asiyehudhuria asiadhibiwe, na anayehudhuria asizawadiwe.

Sharti moja likikosekana, mazoezi hayo si ya hiari tena, na saa zake lazima ziingizwe katika zile 8. Nahodha anayezunguka vyumbani kuwakumbusha wenzake kwamba "kocha atafurahi kuwaona" tayari ameugusa mpaka. Kocha anayempunguzia mchezaji muda wa kucheza kwa sababu hakuonekana kwenye mazoezi ya hiari ameuvuka.

Makocha wa viungo wana nafasi ya pekee. Wanaweza kuwapo ukumbini kuwasaidia wanafunzi waliojitokeza kwa hiari, hasa kwa ajili ya usalama, lakini hawaruhusiwi kumpelekea kocha mkuu orodha ya waliokuja na wasiokuja. Hapo ndipo kanuni inapokuwa ngumu kusimamia, kwa kuwa wote hao ni waajiriwa wa idara moja.

Chanzo cha kanuni

NCAA yenyewe ilizaliwa kutokana na hofu ya vifo. Mwaka 1905, mchezo wa mpira wa miguu wa Kimarekani uliua na kujeruhi vijana wengi kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita viongozi wa vyuo kuwataka waurekebishe. Mwaka uliofuata kikaundwa chama kilichokuja kuwa NCAA.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 80 saa za mazoezi hazikuwekewa kikomo cha wiki. Kikomo cha saa 20 kilipitishwa katika mkutano mkuu wa Januari 1991 na kuanza kutumika Agosti mwaka huo. Msukumo ulitoka kwa wakuu wa vyuo, waliokuwa wakiona wanafunzi wakimaliza miaka yao ya kucheza bila kupata shahada.

Hesabu iliyo nyuma ya kanuni ni rahisi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko hutakiwa kusajili angalau vipindi 12 kwa wiki ili atambuliwe kuwa wa muda wote. Vyuo vingi hukadiria saa 2 za kujisomea kwa kila saa 1 ya darasani. Hizo ni saa 36. Ukijumlisha saa 20 za michezo unapata 56, kabla ya safari, matibabu, chakula na usingizi. Nje ya msimu, saa 8 humpa nafasi ya kusajili masomo mazito zaidi, kama ya maabara, ambayo hawezi kuyamudu wakati wa mashindano.

Waliotangulia

Wanariadha wa Afrika Mashariki waliojipatia majina katika vyuo vya Marekani miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipita huko kabla ya kikomo hicho. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na katikati ya kipindi hicho akaitwalia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, naye alikimbilia chuo hicho.

Mkenya Henry Rono, aliyefariki dunia Februari 2024, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Mbili za kwanza, za mita 5,000 na za kuruka viunzi na maji mita 3,000, alizivunja Aprili na Mei, msimu wa vyuo ukiendelea. Mbili za mwisho, za mita 10,000 na mita 3,000, alizivunja Juni barani Ulaya, msimu wa vyuo ukiwa umekwisha. Mwili uleule ulitumika pande zote mbili za kalenda, na hapakuwa na kikomo cha saa za wiki.

Mfano wa Rono unaonyesha pia ugumu wa mwanariadha wa masafa marefu. Mbio za nyika huchukua majira ya vuli, mbio za ndani huchukua baridi, na mbio za uwanjani huendelea hadi Juni. Anayekimbia zote tatu hubaki na kipindi kifupi sana ambacho kwa kweli kiko nje ya msimu.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikuta hali tofauti. Alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, kisha akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies. Wakati wake kikomo cha saa 8 kilikuwa kikitumika, na saa za ufundi nje ya msimu zilikuwa 2 tu. Likizo ya kiangazi kocha wa kikapu hakuruhusiwa kuwafundisha wachezaji wake. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2012, kwa saa chache za wiki.

Kanuni inapovunjwa

Agosti 2009, gazeti moja la Detroit liliandika kwamba wachezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa wakifanya mazoezi kupita saa zilizoruhusiwa, ndani na nje ya msimu. Uchunguzi ulifuata. Ulibaini kwamba baadhi ya saa hazikuwa zikihesabiwa ipasavyo, na kwamba watumishi wasio na ruhusa walikuwa wakisimamia mazoezi ambayo yangepaswa kuwa ya hiari.

Mwaka 2010 chuo kiliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu na kikakubali kujikata saa 130 za mazoezi. Adhabu hiyo ilionekana ndogo kwa baadhi ya watu, kwa kuwa hakuna ushindi uliofutwa. Lakini vyuo vingine vilielewa ujumbe, na karatasi za saa zikaanza kuangaliwa kwa makini zaidi.

Hata hivyo, kanuni na maisha ya kila siku havijalingana. Katika utafiti uliofanywa na NCAA yenyewe mwaka 2015, wanafunzi wa Daraja la Kwanza walitaja wastani wa saa 34 za michezo kwa wiki wakati wa msimu. Takriban theluthi mbili yao walisema kwamba nje ya msimu hutumia muda uleule au zaidi. Sehemu ya saa hizo ni za safari na matibabu, na sehemu ni za hiari ya kweli. Sehemu iliyobaki ni ile hiari ambayo mwanafunzi haoni kama ana uwezo wa kuikataa.

Joto na uhai

Nje ya msimu ndipo baadhi ya misiba mikubwa ilipotokea. Wachezaji wanakuwa wametoka mapumzikoni, miili haijazoea joto, na kocha anataka kuona nani amejitunza. Mwaka 2001 pekee, wachezaji watatu wa mpira wa miguu wa Kimarekani katika vyuo vya Florida State, Florida na Northwestern walifariki baada ya mazoezi ya nje ya msimu au ya hiari. Mwaka 2003 vyuo viliwekewa utaratibu wa kuwazoesha wachezaji joto hatua kwa hatua katika siku za mwanzo za maandalizi.

Mei 29, 2018, Jordan McNair, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland mwenye umri wa miaka 19, alianguka wakati timu ikikimbia mbio fupi za kurudia katika mazoezi ya nje ya msimu. Alikuwa amepatwa na kiharusi cha joto. Hakuzamishwa katika maji baridi mapema kama inavyotakiwa, na alifariki Juni 13. Rais wa chuo alikiri hadharani kwamba chuo kilibeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili kwa makosa yaliyofanyika, na kocha mkuu akaondolewa mwishoni mwa Oktoba mwaka huo.

Mazoezi hayo yalikuwa ya kawaida, ya aina inayoruhusiwa ndani ya saa 8. Funzo lake ni kwamba kuhesabu saa hakutoshi. Saa moja ya amri mbaya katika joto kali inaweza kuua, na saa 8 zilizopangwa vema zikajenga.

Funzo hilo linawahusu pia walimu wa michezo wa Shinyanga, ambako jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, halina huruma. Wataalamu wa tiba ya michezo husisitiza kwamba anayepatwa na kiharusi cha joto apozwe kwanza, kisha ndipo asafirishwe. Karai kubwa au pipa lililokatwa, maji na barafu ya dukani vinaweza kuokoa maisha kabla gari halijapatikana.

Hali ya nyumbani

Nchini Tanzania, michezo ya wanafunzi imejengwa juu ya mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Timu huchujwa kuanzia shuleni, zikapanda kata, wilaya na mkoa, hadi ngazi ya taifa. Kilele huwa katikati ya mwaka, karibu na likizo ya Juni, ili vipindi visiathirike sana. Kalenda ndiyo inayofanya kazi ambayo kwa Wamarekani hufanywa na saa.

Utaratibu huo una nguvu yake. Kijana wa Didia anayechaguliwa timu ya mkoa huingia kambini kwa kipindi kinachojulikana, kisha hurudi darasani. Lakini kwa miezi iliyobaki, kiasi cha mazoezi hutegemea busara ya mwalimu wa michezo na mkuu wa shule. Penye mwalimu mwenye busara mambo huenda vizuri. Penye tamaa ya kombe, mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kujikuta uwanjani wakati wenzake wanajiandaa kwa mtihani wa taifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali iliwahi kuyasimamisha mashindano hayo ya shule kwa hoja kwamba yalikuwa yakiathiri masomo. Yalirejeshwa baada ya mwaka 2005, kufuatia kilio cha wadau waliosema kwamba chemchemi ya vipaji ilikuwa imezibwa. Mjadala wa wakati ule ulikuwa kati ya pande mbili, kucheza au kutocheza. Kanuni ya saa inaonyesha njia ya tatu, yaani kucheza kwa kipimo, na kipimo hicho kiandikwe mahali ambapo mzazi anaweza kukisoma.

Njia hiyo haihitaji fedha. Daftari la mazoezi, lenye tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza na majina ya waliokuwapo, linaweza kuwekwa katika ofisi ya mwalimu wa michezo wa shule yoyote. Ahadi ya kusimamisha mazoezi ya lazima wiki moja kabla ya mtihani inaweza kutolewa katika kikao cha wazazi.

Shinyanga na Geita ni mikoa inayojua thamani ya vipaji. Stand United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, Mwadui ikafuata mwaka 2015, na Geita Gold ikapanda mwaka 2021. Ndoto ya vijana wengi wa ukanda huu ni kusajiliwa na klabu za namna hiyo. Wachache hufikiria kwamba miguu ileile inaweza kuwalipia shahada.

Kabla ya kutia saini

Kwa familia inayopata ahadi ya ufadhili wa michezo nchini Marekani, yapo mambo ya kuulizwa mapema. La kwanza ni daraja la chuo, kwa kuwa kanuni na kiasi cha ufadhili hutofautiana. Vipo pia vyuo vilivyo nje ya NCAA, chini ya vyama vya NAIA na NJCAA, na vyama hivyo vina kanuni zake.

La pili ni ratiba ya mwaka mzima. Kocha anapaswa kuweza kueleza msimu unaanza lini na kumalizika lini, na wachezaji wake hufanya nini katika wiki ya kawaida nje ya msimu. Jibu la "hapa kwetu hakuna nje ya msimu" ni dalili ya kuangaliwa kwa makini.

La tatu ni mahali pa kulalamika. Kila chuo cha NCAA kina ofisi inayosimamia utekelezaji wa kanuni, pamoja na mwakilishi wa wahadhiri katika masuala ya michezo. Mwanafunzi azijue ofisi hizo katika wiki ya kwanza, kabla ya kuzihitaji, na awe na daftari lake binafsi la saa.

La nne ni viza. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 hutakiwa kubaki mwanafunzi wa muda wote, na kazi za kulipwa ndani ya chuo huwekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati masomo yakiendelea. Saa hizo 20 hazihusiani na zile 20 za michezo, ingawa tarakimu ni moja. Tangu Julai 2025, kufuatia maafikiano yaliyoidhinishwa na mahakama, vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Mwenye viza ya F-1 hapaswi kupokea malipo ya aina hiyo kabla ya kupata ushauri wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwani kosa la viza linaweza kumrudisha nyumbani bila shahada.

Mshika mawili moja humponyoka, na mwanafunzi mwanamichezo ameshika mawili tangu siku ya kwanza. Kocha ataisimamia michezo, kwani ndiyo kazi anayolipwa. Saa za masomo zinabaki mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe, na kikomo cha saa 8 ndicho kinachompa haki ya kuzidai.